Ukitaka namba Matemwe, toa salamu kwanza

MATEMWE, kaskazini mashariki mwa Unguja, mechi haianzi kwa kipyenga. Inaanza bahari ikiondoka.

Maji yakishakupwa, mchanga uliokuwa chini ya bahari unabaki mgumu, mweupe na mpana kuliko viwanja vingi vya ndondo vya Dar es Salaam. Vijana wanachomeka vijiti viwili huku, viwili kule, magoli tayari. Chaki hakuna. Mstari wa pembeni upande mmoja ni minazi na upande wa pili ni maji yenyewe, na mstari huo unatembea. Kipindi cha kwanza winga anakimbia pakavu. Kipindi cha pili winga yuleyule anapiga krosi huku kifundo kikiwa majini, na mpira unaongezeka uzito kila dakika.

Mgeni kutoka hotelini akiliona gozi hilo, awe ametoka Kariakoo, Nairobi au Milano, damu inamchemka. Anavua viatu, anajitosa katikati, anapunga mikono akiomba pasi. Hapo ndipo wengi wanapochemsha. Hakuna atakayemfukuza, maana pwani mgeni hafukuzwi, lakini pasi haiji. Atakimbia mpaka ulimi utoke nje, mpira unampita kulia na kushoto kama hayupo. Mwisho atarudi hotelini akisema vijana wa Matemwe wana roho mbaya.

Hawana roho mbaya. Yeye ndiye kaingia uwanjani bila kusalimia, sawa na mtu aliyeingia sebuleni kwa watu bila kupiga hodi.

Suala hili lingekuwa la kuchekesha tu kama Zanzibar ingekuwa bado ile ya kupokea mashabiki mara moja kwa mwaka, Januari, wakati wa Kombe la Mapinduzi. Mambo yamebadilika. Uwanja wa Amaan, uliozinduliwa mwaka 1970, ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena Desemba 2023, na tangu hapo mechi kubwa zimekuwa zikivuka maji. Mei 25, 2025 Simba walicheza pale marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco, wakatoka sare 1-1 na kulikosa kombe kwa jumla ya mabao 3-1. Agosti mwaka huohuo Amaan ikabeba kundi la CHAN lenye Senegal, Congo, Sudan na Nigeria, na ndipo Sudan walipowabomoa Nigeria 4-0, kisha wakawang'oa Algeria kwa penalti kwenye robo fainali.

Mbele kuna AFCON 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kwa pamoja. Shabiki anayekuja kwa ajili ya mechi hakai Amaan siku nzima. Kati ya mechi na mechi kuna siku tatu au nne, na siku hizo anazimalizia ufukweni. Wengine watakwenda Nungwi, wengine Paje. Watakaopanda daladala namba 118 watashukia Matemwe, kilomita 50 hivi kutoka mjini. Hiki ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, si kijiji kilichojengwa kwa ajili ya hoteli. Hoteli zimekikuta.

SALAMU NI PASI YA KWANZA

Namna ya kupata namba Matemwe ni rahisi, ila inahitaji subira. Mgeni anafika pembeni, kwa waliokaa. Anatoa salamu, "Asalaam aleikum" au hata "Hamjambo" inatosha. Anajibiwa. Anakaa chini, anaangalia mpira. Baada ya muda anauliza kama kuna nafasi, na anamuuliza mkubwa wao, si mtoto aliye karibu. Mara nyingi kuna mmoja tu anayepanga watu, na ukikaa dakika tano utamjua, kwa sababu ndiye anayelalamikiwa na kila mtu.

Bao likifungwa au mmoja akichoka, mgeni anaitwa. Asishangae akipelekwa golini. Golini ndipo wageni wanapopimwa dunia nzima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mpirani ni hivyohivyo. Siku ya tatu hakuna anayekuonea huruma, utakabwa kama mwenyeji.

Kwa watu wazima salamu ni "Shikamoo", na jibu ni "Marahaba". Mashabiki wa bara wanalijua hilo tangu utotoni, lakini kuna kitu kinawapata wakivuka maji. Wanajiona wako likizo, basi kila mtu ni "Mambo vipi?" Kijana wa rika lako atakujibu "Poa" na maisha yataendelea. Mzee anayeshona wavu chini ya mnazi ukimwambia "Mambo" atakujibu pia, kwa adabu tu, ila umeshajieleza wewe ni mtu wa namna gani.

Salamu yenyewe ni ndefu, na haina njia ya mkato. Hujambo, sijambo. U hali gani, njema. Watu wa nyumbani, hawajambo. Habari za tangu jana, nzuri. Jibu huwa zuri hata kama mtu ana homa na paa linavuja. Habari mbaya, kama ipo, inakuja baadaye, salamu zikishamalizika. Mgeni anayetaka kukodi mashua kwenda kuogelea karibu na Mnemba akaanza na "Bei gani?" ataambiwa bei. Aliyeanza na salamu ataambiwa bei pia, halafu ataambiwa kwamba kesho kuna upepo na afadhali asubiri keshokutwa. Tofauti iko hapo.

Jambo jingine ni mkono. Kutoa na kupokea ni kwa mkono wa kulia, iwe pesa, iwe maji, iwe mpira uliotoka nje. Na mwanamume asikimbilie kumpa mkono mwanamke wa Kiislamu asiyemjua. Kama mwenyewe hakunyoosha, weka mkono kifuani, inatosha na inapendeza.

KIFUA WAZI KINA MIPAKA YAKE

Mashabiki wa mpira na nguo ni kesi ya siku nyingi. Timu ikishinda, jezi inavuliwa na kuzungushwa hewani. Uwanjani hilo linaeleweka. Ufukweni pia, maana hata vijana wa Matemwe wenyewe kwenye mechi yao pengine nusu hawana fulana. Ila waangalie wakimaliza. Kabla hawajaukanyaga ule mchanga wa njia inayoingia kijijini, fulana zimerudi mwilini, hata kama zimelowa.

Mpaka ni huo. Hakuna kibao wala uzio, lakini kila mtu anajua ulipo. Upande wa bahari ni kazi na michezo. Upande wa nyumba ni mama, bibi, skuli na msikiti. Mgeni wa kiume avae fulana, mgeni wa kike afunike mabega na magoti. Kanga moja ya kujifunga inamaliza tatizo, na kanga haijawahi kukosekana Unguja.

Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka 2021 ilitangaza faini zinazoanzia dola 700 za Marekani kwa ukiukaji wa kanuni za mavazi kwa watalii. Ni pesa nyingi kuliko tiketi za mashindano yote. Lakini kijijini hakuna polisi wa mavazi anayezunguka na kijitabu. Kinachotokea ni watu kugeuza nyuso. Kwa mwenye macho hiyo ni kadi nyekundu tosha.

Jezi zenyewe zina adabu yake, na hii haiandikwi kwenye kitabu cha watalii. Shabiki wa bara anajua maana ya rangi. Yanga walishakataa alama nyekundu ya mdhamini wa ligi isikae kwenye jezi yao, sembuse mtu binafsi. Simba na Yanga zina mashabiki wao kila kona ya Unguja. Mgeni aliyevaa nyekundu akikaa kwenye baraza la watu wa kijani ajiandae kutaniwa mpaka kahawa ipoe. Utani huo ni ukaribisho. Ukinuna, umeharibu.

Mjini, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, mahali pa kuonja hali hiyo ni Jaws Corner, pale wanaume wanapokunywa kahawa kwa vikombe vidogo, wanacheza dhumna na kubishana mpira na siasa kwa sauti moja. Aliyesalimia anasogezewa nafasi barazani bila kuuliza anatoka wapi. Aliyetoa simu na kuanza kupiga picha kabla ya salamu anaachwa asimame.

DAKIKA ZA NYONGEZA HAZIPO

Mechi za jioni vijijini Unguja zina saa mbili za kweli, na zote ziko msikitini. Ya kwanza ni adhana ya Alasiri, ya pili ni Magharibi. Mpira unachezwa katikati yake. Watu wanaswali Alasiri, wanakwenda uwanjani, na Magharibi ikiadhiniwa mpira umekwisha. Matokeo yawe 1-0 au 4-4, mtu awe ana kwa ana na kipa au la. Hakuna anayemwonyesha refa saa. Mgeni anayedai "dakika mbili tu" anaonekana kama mtoto.

Kwa wanaodhani hilo ni la vijijini tu, wakumbuke Aprili 26, 2021, Leicester City wakicheza na Crystal Palace kwenye Ligi Kuu England. Ilikuwa Ramadhani. Jua lilipozama, kipa wa Palace, Vicente Guaita, alisubiri kupiga mpira wa goli na mechi ikasimama kidogo ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Dunia nzima iliandika. Matemwe hakuna aliyeshangaa, isipokuwa kwa kitu kimoja: kwamba ilihitaji makubaliano kabla ya mechi.

Ramadhani Zanzibar ni mwezi wa kuheshimu hata kwa asiyefunga. Kula, kunywa na kuvuta sigara hadharani mchana haifai, na si suala la kunung'unikiwa tu. Machi 2024 polisi waliwakamata watu waliokuwa wakila hadharani. Hotelini mgeni anahudumiwa kama kawaida. Barabarani, kwenye daladala na pembeni ya uwanja, chupa ya maji ikae kwenye begi. Mwezi huo mpira nao unahamia usiku, watu wakishafuturu na kuswali. Anayekuja AFCON hana wasiwasi na hili, kwa sababu Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuangukia Februari na mwanzoni mwa Machi. Anayekuja kuangalia mpira mwezi huo, kazi kwake.

Kuna siku pia mgeni atashuka ufukweni saa kumi jioni, maji yametoka, hali ya hewa safi, na hakuna hata mtoto mmoja mwenye mpira. Asijisumbue kuuliza kwa sauti. Mara nyingi kuna maziko. Kijijini mtu akifariki, mpira hauchezwi. Waliokuwa wacheze wako makaburini au wanabeba maji na kuni nyumbani kwa wafiwa. Muziki kwenye mahema ya ufukweni siku hiyo ungepunguzwa pia, kama wageni wangeambiwa. Wengi hawaambiwi, na hilo ni kosa la wenyeji wao kuliko lao.

Na hapohapo kwenye saa kuna mtego mwingine. Ratiba ya CAF inaandika 16:00. Zanzibar hiyo ni saa kumi. Mgeni aliyejifunza Kiswahili cha kwenye kitabu anasikia "kumi" anafika saa nne asubuhi, uwanja mtupu, mlinzi anamshangaa. Waethiopia tu ndio hawapotei hapa, kwa sababu kwao nao saa zinahesabiwa kuanzia asubuhi. Ya hatari zaidi ni hii: kwa mazoea ya zamani ya pwani, siku mpya huanza jua linapozama. Mzee akikuambia njoo usiku wa Ijumaa, muulize vizuri. Huenda ana maana ya usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi ukishaingia. Watu wamekosa harusi kwa sababu hiyo.

UWANJA AMBAO NI SHAMBA

Hili sasa ndilo linaloumiza zaidi, na mashabiki wengi hawalijui.

Kwa mgeni, ufukwe wa Matemwe maji yakitoka ni uwanja mkubwa usio na mwenyewe. Kwa mama wa Matemwe, mita chache mbele ya goli ndipo lilipo shamba lake. Kilimo cha mwani kilishika Zanzibar kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Wanachomeka vijiti kwenye mchanga wa chini ya maji, wanavuta kamba kutoka kijiti hadi kijiti, na kwenye kamba wanafunga vipande vya mwani kwa vikamba vidogo ambavyo wenyewe wanaviita taitai. Mwani unakaa majini wiki kadhaa, unavunwa, unabebwa kichwani ukiwa unachuruzika maji, unaanikwa, unauzwa. Unakwenda nje kutengeneza vitu ambavyo mgeni huyohuyo anavitumia, dawa ya meno na vipodozi vikiwemo.

Mpira uliopigwa vibaya ukatua kwenye shamba hilo, mgeni anaukimbilia mojakwamoja. Miguu miwili yenye raba inakata taitai, inang'oa kijiti, inakanyaga kazi ya wiki tatu. Hakuna atakayempigia kelele. Kijana wa Matemwe akiufuata mpira uleule utamwona anazunguka, anapita pembeni mwa kamba, hata kama timu pinzani inamsubiri na kumtukana kwa mzaha. Mama yake yuko pale, au shangazi yake, au mama wa yule anayemtukana.

Bahati nzuri mwezi wenyewe unapanga zamu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanakupwa sana na pwani inabaki kavu karibu saa nne asubuhi. Hizo ndizo siku za wakulima wa mwani, na ndizo siku za wanawake wanaokwenda mwambani kutafuta pweza kwa fimbo. Jioni ya siku hizohizo bahari imejaa hadi kwenye minazi, uwanja haupo. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo yanageuka. Maji hayatoki mbali sana, lakini yanatoka jioni, kwenye saa kumi, na hapo ndipo mpira unapochezwa mpaka Magharibi.

Kwa hiyo mgeni anayeshuka asubuhi ya bamvua na mpira mkononi ameingia kazini kwa watu. Ni sawa na mtu kuingia sokoni Darajani na kuanza kupiga danadana katikati ya meza za samaki. Anachotakiwa kusema akipita ni "Poleni na kazi", na atajibiwa "Tushapoa" au "Ahsante". Picha asipige kabla ya kuomba. Mwanamke aliyelowa mpaka kiunoni, ana gunia kichwani, hataki kuwa pambo la simu ya mtu, na akikataa, amekataa. Kumpa noti elfu mbili ili akubali kunazidisha ubaya.

Vilevile kuna mashua. Ngalawa ikirudi na wavuvi wakahitaji watu wa kuivuta mchangani, mpira unaachwa hapohapo. Wachezaji wa timu zote mbili wanashika chombo, wanavuta kwa pamoja, kisha wanarudi kuendelea na kona iliyokuwa ipigwe. Mgeni aliyesimama na mpira kiunoni akingoja wamalize ataonekana, na mgeni aliyekwenda kushika ubao pamoja nao ataonekana pia. Huyu wa pili siku ya pili hapelekwi golini.

KARIBU CHAKULA

Mtu anayekula akikuona Zanzibar atakuambia "Karibu". Ukipita mlangoni, karibu. Ukikaa naye kwenye daladala na ana mkate wa boflo, karibu. Ni adabu ya mwenye chakula, na adabu ya aliyekaribishwa ni kujibu "Ahsante, nimeshiba" kwa upole, hata kama njaa inamkata. Akirudia mara ya pili na ya tatu, na ameshakusogezea sahani, basi hapo si maneno tena. Unanawa, unakaa kwenye mkeka, unakula kwa mkono wa kulia upande ulio mbele yako. Tonge moja au mawili yanatosha kama huwezi zaidi. Kukataa kabisa baada ya karibu ya tatu kunauma.

Mlangoni ni hodi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya? Unaondoka, hata kama unasikia redio ndani. Viatu vinabaki nje, na kwa wachezaji hilo ni msaada maana njumu zenye mchanga hazipendwi na mama yeyote duniani.

Watoto nao wanahitaji kusemwa. Wapo wanaowafuata watalii wakiomba pipi, kalamu na pesa, na wapo wageni wanaofurahia kugawa. Mtoto akijua ufukweni kuna pesa, skuli inaanza kuonekana mbali. Shabiki mwenye moyo wa kutoa na aje na mpira. Mpira mmoja mzuri unachezewa na watu ishirini kwa miezi. Lakini asimpe mtoto wa kwanza aliyemwona, atasababisha ugomvi. Aupeleke kwa mwalimu wa skuli au kwa wanaosimamia timu, na kama hawajui, sheha wa shehia atamwelekeza. Sheha ni mtu wa kwanza kujulishwa kwa jambo lolote la maana kijijini, hata bonanza la hoteli na wanakijiji.

KILA MLANGO NA HODI YAKE

Si kwamba Zanzibar ina masharti kuliko wengine. Shabiki anayesafiri na timu yake atakutana na hodi kila mahali. Muscat, ambako familia nyingi za Unguja na Pemba zina ndugu, kahawa inamiminwa kwenye kikombe kidogo na haikomi mpaka mgeni akitikise kikombe kidogo kuonyesha ametosheka. Asiyejua hilo atakunywa mpaka usingizi umkimbie. Addis Ababa mwenyeji anaweza kukulisha tonge kwa mkono wake mwenyewe, wanaita gursha, na kukwepesha mdomo ni kumvunjia heshima. Kigali, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu wako kwenye umuganda, kazi za pamoja za kusafisha na kujenga, na shabiki aliyepanga kuzunguka mji saa hizo atakuta barabara nyeupe.

Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, bia ilipigwa marufuku kuzunguka viwanja siku mbili tu kabla ya mechi ya kwanza. Wapo waliolalamika sana. Mechi zikachezwa, watu wakaimba, na mabao yakafungwa bila bia. Kwenye mechi hiyo ya ufunguzi, Qatar dhidi ya Ecuador, walikuwepo Wajapani majukwaani. Timu yao haikucheza. Mechi ilipokwisha walitoa mifuko na kuanza kuokota takataka za wengine.

Wajapani hao wakija Matemwe watapata namba haraka sana. Watalijua tu suala la mifuko: ya plastiki Zanzibar ilishaipiga marufuku tangu mwaka 2006.

Mabingwa wa kugeuza ugeni kuwa sherehe, hata hivyo, wako hapahapa Unguja, upande wa kusini. Makunduchi, kila Julai, kuna Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa kienyeji, ambapo wanaume wa pande mbili wanachapana kwa makuti ya mgomba mpaka hasira za mwaka ziishe. Kwao ni aibu na mkosi mtu kukosa mgeni siku hiyo. Shabiki asiye na mwenyeji anaweza kuvutwa mkono aingie ndani akale. Huko hodi haihitajiki, inatosha kufika.

Kwa anayepanga Matemwe wakati wa AFCON, basi, atazame mwezi pamoja na ratiba. Mwezi mwandamo unaangukia karibu na Julai 4, 2027, na siku hizo asubuhi pwani ni ya mwani na pweza. Aende akaone kazi, kwa ruhusa. Mpira asubiri mpaka karibu na Julai 10, maji yatakapoanza kutoka jioni. Afike baada ya Alasiri, akae na waliokaa, na njumu aziache hotelini. Pale wanacheza peku.